Ushahidi Upo, Mbona Hoja Haisimami?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu tatizo moja. Mtu ana takwimu, ana picha, ana risiti, lakini anayemsikiliza bado hajashawishika. Mara nyingi ushahidi wenyewe hauna kasoro. Kilichokosekana ni maelezo ya kwa nini ushahidi huu unathibitisha dai hili. Maelezo hayo, katika majibu yetu, tunayaita kiungo.

Nipo kidato cha tatu. Niliandika insha kutaka shule yetu ijengewe vyoo vipya vya wasichana. Nikataja kwamba wasichana tupo 312 na matundu ya vyoo ni 6. Mwalimu akaandika pembeni: "Takwimu nzuri, hoja haijakamilika." Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Namba zako ziko sawa, ila umeziacha zijieleze zenyewe, na namba hazijielezi. Anayeijua shule yenu atazisoma na kushtuka. Asiyeijua atajiuliza: wasichana 312 kwa matundu 6, kwani ni wengi? Kazi ya kumjibu ni yako, na unaweza kumjibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kanuni. Kiwango kinachotumika katika shule za Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Gawanya 312 kwa 6 upate 52. Kisha gawanya 312 kwa 20 upate 15.6, yaani matundu 16. Kwa hiyo mmepungukiwa matundu 10. Sasa msomaji ana kipimo, na kipimo hicho hukukibuni wewe.

Njia ya pili ni kuonyesha namba hizo zinavyofanya kazi siku ya shule. Tuseme mapumziko ni dakika 30 na kila msichana hutumia dakika 2 kuingia, kumaliza na kunawa. Tundu moja litahudumia wasichana 15, na matundu yote 6 yatahudumia 90. Waliobaki ni 222. Hao watajizuia, au watatoka kipindi kinachofuata kikiendelea. Hizo dakika 2 usizikisie. Simama karibu na saa, pima wasichana kumi, chukua wastani.

Zikiwekwa pamoja, aya yako ingesomeka hivi:

"Shule yetu inahitaji matundu mapya ya vyoo vya wasichana. Kwa sasa yapo 6 kwa wasichana 312, yaani wasichana 52 kwa tundu moja, wakati kiwango ni 20. Kwa mapumziko ya dakika 30, matundu hayo huhudumia wasichana wapatao 90 tu. Zaidi ya 200 waliobaki hawana njia ila kukosa sehemu ya kipindi, kwa hiyo upungufu wa vyoo hapa ni upungufu wa muda wa masomo."

Dai lina sentensi moja, ushahidi una moja, kiungo kina mbili. Katika insha za shule tunaona kinyume chake: ushahidi sentensi nne, kiungo hakuna. Au kipo cha jina tu: "Hii inaonyesha kwamba vyoo ni vichache sana." Hapo umerudia dai kwa maneno mengine. Kila ukiandika "hii inaonyesha kwamba", jilazimishe kumalizia na "kwa sababu". Ukikosa cha kuandika baada ya "kwa sababu", ujue kiungo bado hukipata.

Angalia pia dai lisizidi ushahidi. Namba hizi zinathibitisha kwamba vyoo vinahitajika. Hazithibitishi kwamba vijengwe kabla ya maabara. Kutanguliza kimoja mbele ya kingine ni dai la pili, nalo linadai ushahidi wake na kiungo chake.

Ninasimamia klabu ya mdahalo. Wanafunzi wangu hukusanya ushahidi mwingi, lakini upande wa pili ukitoa takwimu zake wao hunyamaza, au hudai tu kwamba ni za uongo. Nitawafundishaje kujibu ushahidi ambao ni wa kweli? (Mwalimu, Kisumu)

Wafundishe kuikubali takwimu na kukigombania kiungo. Tuchukue mada inayorudi kila mwaka: shule za bweni na za kutwa. Wanaotetea bweni husimama na kusema kwamba shule nyingi zinazoongoza katika KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, ni za bweni, kwa hiyo bweni huinua matokeo. Takwimu hiyo ni ya kweli, na mwanafunzi atakayeikana mbele ya waamuzi atakuwa amepoteza alama bure.

Sasa tafuta sentensi ambayo hawakuisema. Ni hii: tofauti ya matokeo inatokana na kulala shuleni. Hapo ndipo pa kubana. Kwa miaka mingi shule za kitaifa, ambazo ni za bweni, zilichukua watahiniwa waliopata alama za juu kabisa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwapo wakati huo. Mtoto aliyeingia na alama 400 kati ya 500 alikuwa mbele ya wenzake kabla hajatandika kitanda cha bwenini. Ili kiungo chao kisimame, ingebidi walinganishe wanafunzi walioingia kidato cha kwanza na alama sawa, wengine bweni na wengine kutwa, kisha waangalie matokeo yao baada ya miaka minne. Mwambie mwanafunzi wako aseme hivyo hivyo: "Takwimu yenu tunaikubali. Tunachouliza ni kama inahusu bweni au inahusu uteuzi." Kisha aketi.

Zoezi la kujenga stadi hii halihitaji vifaa. Gawa karatasi safu tatu. Upande wa kushoto andika ushahidi wa wapinzani, kulia andika dai lao, katikati acha wazi. Mpe mwanafunzi dakika mbili ajaze katikati kwa kielelezo hiki: "Kila penye jambo hili, pana jambo lile, kwa sababu..." Wengi wataona kwamba sentensi ikishaandikwa waziwazi, udhaifu wake unajitokeza bila kutafutwa. Ndiyo sababu wasemaji mahiri hupenda kuiacha bila kuisema.

Kila aina ya kiungo ina swali lake la kukipima. Kikiwa cha sababu na matokeo, uliza kama kuna jambo la tatu lililoleta yote mawili, na kipi kilitangulia. Kikiwa cha ishara, uliza kama ishara hiyo huonekana hata pale ambapo jambo lenyewe halipo. Ukipewa mifano, uliza ni mingapi na nani aliichagua. Ulinganisho hudai uangalifu zaidi, kwa sababu hakuna vitu viwili vinavyofanana kwa kila hali, na kutaja tofauti yoyote tu si jibu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Kenya ikafuata Agosti 2017. Mtu aliyesema kabla ya hapo kwamba Kenya ingeweza kwa kuwa Rwanda imeweza alikuwa na kiungo cha ulinganisho. Kumjibu kwamba Kenya ni kubwa zaidi hakukutosha. Jibu zito lilikuwa kwamba Kenya ilikuwa na viwanda vingi vya kutengeneza mifuko hiyo na watu wengi wakivitegemea, kwa sababu tofauti hiyo inaigusa moja kwa moja gharama ya marufuku yenyewe.

Ukitaka kwenda mbele kidogo, mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alitaja mwaka 1958 sehemu sita za hoja: dai, ushahidi, kiungo, tegemeo la kiungo, kiwango cha uhakika, na hali zinazoweza kulipindua dai. Kwa wanafunzi wa madarasa ya mwanzo ya sekondari, tatu za mwanzo zinatosha. Tegemeo linahitajika pale tu kiungo chenyewe kinapotiliwa shaka.

Katika mafunzo ya afya ya jamii tulionyeshwa ramani ya daktari Mwingereza John Snow ya kipindupindu cha London, 1854. Tuliambiwa kwamba ramani hiyo ndiyo iliyothibitisha kuwa ugonjwa huenezwa na maji. Nikiitazama naona vifo vimejazana karibu na pampu, basi. Je, hiyo inatosha? (Muuguzi, Mwanza)

Haitoshi, na Snow mwenyewe alilijua hilo. Umeuliza swali ambalo madaktari wa wakati wake waliuliza pia, nao walikuwa na haki ya kuuliza.

Ramani inaonyesha vifo vimejazana kuizunguka pampu ya Broad Street, mtaa wa Soho. Snow alidai chanzo ni maji ya pampu. Wataalamu wengi walishikilia kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu. Sasa itazame ramani kwa macho yao. Kama kuna hewa yenye sumu katika eneo lile, wanaokaa humo ndio watakaokufa, na picha itakuwa ile ile. Ushahidi unaokubaliana na madai mawili hauwezi kuchagua kati yake, hata ukichorwa vizuri namna gani.

Kwa hiyo Snow alitafuta mahali ambapo madai hayo mawili yanatabiri mambo tofauti. Jirani na pampu, katika Poland Street, palikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535. Ilizungukwa na nyumba zilizopata vifo, lakini ilikuwa na kisima chake. Walikufa watu 5. Snow alipiga hesabu kwamba kama wangekufa kwa kiwango cha mitaa ile, wangezidi 100. Katika Broad Street yenyewe palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Kiwanda kilikuwa na kisima chake, wafanyakazi walipewa bia, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Hawa wote walivuta hewa ya Soho na hawakunywa maji ya pampu.

Kisha akapata kisa cha upande wa pili. Mwanamke mmoja mjane aliyehamia Hampstead, mbali na Soho, aliyapenda maji ya pampu ile, akawa anapelekewa kwa gari. Aliyanywa tarehe 31 Agosti, akafa tarehe 2 Septemba. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea aliyanywa pia, akarudi Islington, naye akafa. Hampstead haikuwa na kipindupindu wakati huo, wala sehemu ile ya Islington. Hawa walikunywa maji bila kuvuta hewa. Watu wawili ni wachache sana kwa takwimu, lakini kwa hoja hii wana uzito kuliko vifo mia vilivyotokea kando ya pampu, kwa sababu dai la hewa haliwezi kuvieleza vifo vyao.

Huenda mliambiwa pia habari ya mpini. Mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba na ugonjwa ukaisha, basi imethibitika. Kiungo hicho ni dhaifu, na Snow alikiri waziwazi kwamba vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua kabla ya siku hiyo, kwani wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Jambo kutokea baada ya lingine halitoshi kusema limesababishwa nalo.

Kazi yake nzito zaidi, ambayo kwa bahati mbaya hutajwa kwa uchache, ilikuwa kusini mwa London. Kampuni mbili zilisambaza maji katika mitaa ile ile, nyumba hii ikihudumiwa na kampuni hii na ya jirani na ile, kwa matajiri na maskini. Kampuni ya Lambeth ilihamisha mwaka 1852 mahali pake pa kuchota hadi Thames Ditton, juu ya mto, maji taka ya jiji yasikofika. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota ndani ya jiji. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko wa 1854, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263, na nyumba 26,107 za Lambeth zikapata 98. Hapa usilinganishe 1,263 na 98, kwa sababu idadi ya nyumba si sawa. Kwa kila nyumba 10,000 ni vifo 315 dhidi ya 37, yaani zaidi ya mara nane. Kiungo ni kwamba hewa ya mtaa mmoja ni moja, na kilichotofautisha nyumba hizo ni bomba.

Angalia pia alivyolilinda tegemeo lake. Wakazi wengi hawakujua wanauziwa maji na kampuni ipi. Snow alipima chumvi ndani ya maji kwa kutumia kemikali iitwayo nitrati ya fedha, kwa kuwa maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi mara 40 hivi kuliko ya Lambeth. Bila kipimo hicho, mtu angeweza kusema kwamba nyumba zimepangwa kimakosa, na hesabu yote ingeanguka.

Kwa kazi yako ya uuguzi, faida iko hapa. Mkipata mlipuko, msiulize wagonjwa peke yao wanachota maji wapi. Waulizeni na majirani wasiougua, wa umri na mtaa ule ule. Wagonjwa 18 kati ya 20 kuchota kisima fulani ni namba ya kutisha, lakini kama wazima 18 kati ya 20 nao huchota hapo, bado hamjajua chochote kuhusu kisima. Wakiwa wazima 4 kati ya 20, hapo kisima kimeingia mashakani kweli kweli.

Bili yangu ya maji ilikuwa uniti 9 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000), ghafla imekuja uniti 31. Nimeandaa barua kwa mamlaka ya maji na kuambatanisha bili za miezi sita kuonyesha kwamba dira (mita ya maji) ni mbovu. Naomba mnisaidie kuipa barua nguvu. (Mwenye nyumba, Mbagala)

Usiipeleke bado. Bili sita zinathibitisha kwamba namba imepanda. Hazisemi kwa nini. Zipo sababu nne: msoma dira amekosea, maji yanavuja ndani kwako, matumizi yameongezeka, au dira ni mbovu. Barua yako imeruka tatu za mwanzo, na afisa atakayeisoma atazitaja zote.

Anza na rahisi. Soma dira leo na ulinganishe na usomaji wa mwisho ulioandikwa kwenye bili. Ikiwa namba ya bili ni kubwa kuliko ya dira leo, umemaliza kazi. Dira huongeza namba kila maji yakipita, kwa hiyo haiwezi kuwa ilikuwa juu wiki iliyopita na leo ikawa chini. Piga picha inayoonyesha usomaji pamoja na namba ya dira yenyewe. Kiungo hiki hakuna wa kukipinga.

Namba ya dira ikiwa sawa na ya bili au juu yake, pima uvujaji. Chagua usiku ambao maji ya bomba yapo. Funga koki zote pamoja na ile ya kujaza tangi la juu. Soma dira saa 4 usiku na tena saa 11 alfajiri, nambari za lita zikiwemo. Ikisogea, tuseme lita 200 kwa saa hizo 7, ni lita 28 au 29 kwa saa, karibu lita 690 kwa siku, na uniti zaidi ya 20 kwa mwezi kama maji hayakatiki. Nyongeza yako ni uniti 22. Hapo dai la dira mbovu limeanguka, na ni afadhali liangukie nyumbani kwako kuliko ofisini kwao. Kagua vyoo kwanza: tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, ngoja nusu saa bila kuflashi, na rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, maji yanavuja kutoka kwenye tangi.

Dira isiposogea usiku kucha, ndipo uijaribu dira yenyewe. Tumia ndoo yenye alama ya lita 20, na uihakikishe kwa mizani, maana lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo. Chota ndoo 5, yaani lita 100, na usome dira kabla na baada. Rudia mara tatu, kwa sababu jaribio moja litaambiwa ni bahati mbaya. Tuseme inasoma 340, 338 na 345. Andika:

"Nilifunga koki zote kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri na dira haikusogea, kwa hiyo hakuna uvujaji baada ya dira. Nilichota lita 100 mara tatu, na dira ikasoma lita 340, 338 na 345. Dira nzima ingesoma karibu 100. Uniti 31 zikigawanywa kwa 3.4 ni takriban 9, ambayo ndiyo matumizi yangu ya kawaida. Naomba dira ipimwe na bili irekebishwe."

Sentensi ya mwisho kabla ya ombi ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inaeleza kiasi chote kilichoongezeka. Ingekuwa dira inasoma 130 kwa lita 100, ungekuwa na dira yenye kasoro, lakini 31 gawa kwa 1.3 ni karibu 24, na bado ungedaiwa maelezo ya uniti 15. Kasoro ya kweli isiyotosha kueleza tatizo huwapoteza watu wengi wenye haki.

Mimi huandaa hotuba za mikutano. Wazee husema hotuba bila methali haina uzito. Je, methali inahesabika kuwa ushahidi? (Msomaji, Bujumbura)

Si ushahidi. Methali hufanya kazi ya kiungo, na huifanya vizuri, kwa sababu wasikilizaji wameshaikubali kabla hujafungua mdomo. "Dalili ya mvua ni mawingu" ni kiungo cha ishara kilichokamilika. "Samaki mkunje angali mbichi" ni kiungo cha sababu na matokeo.

Shida ni kwamba methali zipo za kila upande. Ukisema "haraka haraka haina baraka", mwenzako atasimama na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Hakuna aliyeshinda hapo. Atakayeshinda ni yule atakayeonyesha kwamba jambo lililoko mezani linaangukia methali yake. Unataka kijiji kikarabati ukuta wa zahanati mwaka huu? "Usipoziba ufa utajenga ukuta" inafaa, lakini kabla ya kuitamka sema kwamba mwezi Machi ufa ulikuwa na upana wa milimita 4 na sasa ni milimita 11. Ufa unaokua ndio methali inaouzungumzia. Ufa uliokaa vile vile miaka kumi hauko ndani ya methali hiyo, na mzee mmoja makini atakukumbusha.

Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akituma sauti ya "daktari", mjadala unaisha. Nijibu vipi bila kumvunjia mtu heshima? (Msomaji, Muscat)

Kusema kwamba mtaalamu amesema ni kiungo halali, na maisha bila kuwaamini wataalamu hayaendi. Kiungo hicho kinasimama ikiwa msemaji anajulikana ni nani, fani yake ndiyo inayozungumziwa, wenzake wa fani hiyo hawampingi kwa wingi, na hana kitu anachouza. Uliza moja tu kati ya hayo, kwa upole: "Ahsante ndugu yangu. Daktari huyu anaitwa nani, na anafanya kazi hospitali gani?" Huhitaji kubishana kuhusu dawa yenyewe. Sauti isiyo na jina haina mtaalamu ndani yake.

Nikitaja udhaifu wa hoja yangu mwenyewe, si ninajiangusha? Mashindano yako karibu. (Mwanachuo, Mombasa)

Unajiangusha ukiutaja ukauacha hapo. Ukiutaja na kuujibu, umemnyang'anya mpinzani hoja yake bora, na waamuzi wataona unaijua mada kutoka pande zote.

Chagua pingamizi moja, lile zito kuliko yote. Wengi huchagua jepesi ili walijibu kwa urahisi, na msikilizaji makini hulitambua mara moja. Lieleze kwa uaminifu, kwa maneno ambayo mpinzani mwenyewe angeyakubali. Kisha onyesha ama kwamba ushahidi wako unalijibu, ama kwamba linapunguza dai lako kidogo bila kuliondoa. Likipunguza, lipunguze kweli. Badala ya "marufuku itamaliza tatizo", sema "marufuku itapunguza tatizo mijini, ambako ukaguzi upo". Dai dogo linalobebwa na ushahidi wake hushinda dai kubwa linaloning'inia.

Maneno ya kupima uhakika nayo yana madaraja yake. "Huenda" ni kwa ushahidi wa ishara moja. "Mara nyingi" ni kwa mifano mingi iliyochaguliwa bila upendeleo. "Bila shaka" liwekee akiba hadi uwe na kitu kama ile dira ambayo hairudi nyuma. Na pingamizi liweke katikati ya hotuba, baada ya hoja yako ya pili, lisiwe mwanzoni wala mwishoni. Kwa hotuba ya dakika 5, sekunde 40 zinatosha kulitaja na kulijibu.